Wawili Upande Mmoja wa Meza

Katikati ya meza ya mpira wa meza umepita mstari mweupe wenye upana wa milimita 3, kutoka ncha hadi ncha. Watu wakicheza mmoja kwa mmoja, mstari huo hauna kazi. Kazi yake inaanza wanaposimama wawili kila upande: anayeanzisha lazima audundishe mpira kwenye nusu yake ya kulia, uvuke neti kwa mshazari na utue kwenye nusu ya kulia ya wapinzani. Baada ya hapo inaingia sheria iliyo ngumu zaidi. Wawili wa upande mmoja hupokezana kupiga. Aliyepiga harudii mpaka mwenzake naye apige, hata kama mpira umemjia yeye kifuani na mwenzake yuko hatua tatu nyuma. Meza ina upana wa mita moja na nusu na ushei. Mbele ya upana huo watu wazima wawili wanapishana kila mpira unaporudi, mmoja akiingia na mwingine akitoka, bila kugongana na bila kuzibana macho.

Wanawake wamegombea ubingwa wa dunia kwa sheria hii tangu mwaka 1928. Hata hivyo, historia za mchezo huu huandikwa kwa majina ya mabingwa wa mmoja mmoja na kwa bendera za timu, na waliocheza wawili wawili hutajwa mwishoni kwa sentensi moja. Naona huko ni kuwapunja. Ukiipitia orodha ya mabingwa hao utakuta jambo lililo adimu katika michezo ya kimataifa: wanawake wa nchi mbili tofauti wakibeba taji moja. Kuanzia 1928 hadi 1977 yalifanyika mashindano 33, na katika 8 kati ya hayo mabingwa hawakuwa wa bendera moja. Tangu 1977 hadi leo halijatokea tena.

Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza liliundwa mwaka 1926, na Desemba ya mwaka huohuo mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika London. Wanawake walikuwa na mchezo wa mmoja mmoja, na walikuwa na mchanganyiko, yaani mwanamke na mwanamume kwa pamoja. Wanaume walikuwa na wawili wawili yao, wanawake hawakuwekewa. Mwanamke aliruhusiwa kuwa na mwenzake mezani, mradi mwenzake huyo awe mwanamume. Mhungaria Mária Mednyánszky alitwaa mataji yote mawili yaliyokuwa wazi kwake, la mmoja mmoja na la mchanganyiko.

Mashindano ya pili yalifanyika Stockholm mwaka 1928, na hapo wanawake wakapata mchezo wao. Mabingwa wa kwanza walikuwa Mednyánszky huyo huyo na Fanchette Flamm wa Austria. Miaka 10 tu ilikuwa imepita tangu ufalme wa pamoja wa Austria na Hungaria uvunjike mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ukaacha nchi mbili ndogo, maskini na zenye machungu. Jina la kwanza kabisa katika orodha hii, basi, ni la Mhungaria na Mwaustria waliosimama upande mmoja.

Mwaka uliofuata Wajerumani Erika Metzger na Mona Rüster walilichukua taji mjini Budapest, nyumbani kwa Mednyánszky. Naye akampata Anna Sipos, Mhungaria mwenzake, na kwa mashindano sita mfululizo, kuanzia Berlin 1930 hadi London 1935, hakuna jozi iliyowashinda. Wakati huohuo walikuwa wakigombea taji la mmoja mmoja. Mednyánszky alikuwa amelishika tangu 1926, na mwaka 1932 likahamia kwa Sipos, akalitetea tena mwaka 1933. Asubuhi mtu anakunyang'anya ubingwa wako, jioni unasimama naye bega kwa bega kutetea ubingwa wenu. Mednyánszky alimaliza na dhahabu 18 za dunia, 7 kati yake za wawili wawili. Wanawake wa China, pamoja na utawala wao wote uliokuja baadaye, hawajatoa hata mmoja aliyeifikia idadi hiyo ya jumla.

Raketi za siku hizo zilikuwa za mbao zilizobandikwa mpira wenye vinundu, bila sponji. Mpira uliondoka polepole na kwa sauti, na mtu aliyejua kujihami aliweza kurudisha kila kitu. Mwaka 1936 mjini Prague, pointi moja ya wanaume ilidumu zaidi ya saa mbili. Mwaka 1937 huko Baden, karibu na Vienna, fainali ya wanawake ya mmoja mmoja ilisimamishwa muda ulipokwisha, na taji halikutolewa. Waliokuwa mezani ni Mmarekani Ruth Aarons na Mwaustria Trude Pritzi, na ilibidi ufike mwaka 2001 ndipo shirikisho likawatangaza wote wawili kuwa mabingwa. Baada ya msimu huo neti ilishushwa ili mchezo uchangamke. Kwa wawili wawili, Wachekoslovakia walitawala miaka hiyo: Marie Kettnerová na Marie Šmídová mwaka 1936, kisha Vlasta Depetrisová na Věra Votrubcová mara mbili.

Inafaa tusimame kidogo kwa Pritzi. Januari 1938 alishinda ubingwa wa mmoja mmoja akiichezea Austria. Machi ya mwaka huohuo Austria ikamezwa na Ujerumani ya Hitler. Mashindano ya 1939 yalipofanyika Kairo, ya kwanza katika bara la Afrika, Pritzi alikuwa mchezaji wa Ujerumani, na pamoja na Hilde Bussmann akatwaa dhahabu ya wawili wawili. Vita vikaja, na kwa miaka 8 hakukuwa na mashindano. Yaliporudi Paris mwaka 1947, Austria ilikuwa imerudi kuwa Austria, na Pritzi akawa bingwa tena wa wawili wawili. Hakuhama, ila nchi ndizo zilizobadilika chini ya miguu yake. Na safari hii aliyekuwa naye upande mmoja wa meza alikuwa Mhungaria Gizella Farkas.

Kwa Farkas ndipo historia hii inaponoga. Alikuwa bingwa wa dunia wa mmoja mmoja mara tatu mfululizo, 1947, 1948 na 1949, kwa hiyo angeweza kujichagulia mwenzake yeyote. Dhahabu zake tatu za wawili wawili alizipata na wanawake watatu wa nchi tatu. Mwaka 1947 alikuwa na Pritzi wa Austria. Mwaka 1949 mjini Stockholm alikuwa na Helen Elliot wa Uskoti. Mwaka 1953 mjini Bucharest alikuwa na Angelica Rozeanu wa Romania. Tazama miaka yenyewe. Mwaka 1949 Hungaria ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa wakomunisti, na Ulaya ilikuwa ikigawanyika kati ya mashariki na magharibi. Katikati ya mgawanyiko huo, Mhungaria na Mskoti walipokezana mpira mmoja hadi ubingwa. Elliot naye hakuishia hapo. Mwaka 1950 alikwenda Budapest, mji mkuu wa nchi ya Farkas, akatwaa dhahabu nyingine, mara hii akiwa na Dora Beregi aliyeichezea Uingereza.

Haya hayakutokea kwa amri ya waziri wala kwa mkataba wa serikali. Kanuni ziliwaruhusu wachezaji wa vyama tofauti kuungana, mashindano yalifanyika kila mwaka, na wanawake waliocheza kwa kiwango hicho walikuwa wachache kiasi cha kufahamiana kwa majina na kwa mikono. Nchi ndogo ikiwa na mchezaji mmoja mahiri tu, mchezaji huyo hakulazimika kuacha wawili wawili kwa kukosa mtu wa kusimama naye. Alimwendea mpinzani wake wa jana akamwomba wacheze pamoja.

Mwaka 1948 katibu mkuu wa shirikisho, Mwingereza W. J. Pope, alitoa kikombe kwa ajili ya mabingwa wa mchezo huu, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Mwaka huohuo kilishindwa na Waingereza Margaret Franks na Vera Thomas. Lakini Waingereza wenye jina kubwa kuliko wote katika mchezo huu walifuata miaka mitatu baadaye, nao walikuwa pacha.

Diane na Rosalind Rowe walizaliwa London tarehe 14 Aprili 1933. Rosalind alitumia mkono wa kulia, Diane wa kushoto. Kwa mtu asiyecheza, hilo ni jambo la kupendeza tu kwenye picha. Kwa anayecheza, ndilo lililo muhimu kuliko yote. Wachezaji wawili wa mkono wa kulia wote huitaka kona ileile, ile ya kushoto ya upande wao, kwa sababu kutoka hapo wanaifikia meza nzima kwa pigo lao la nguvu. Kwa hiyo hulazimika kuzunguka: aliyepiga anatoka kwa nyuma, anampitia mwenzake mgongoni, anasubiri zamu. Wa kulia akisimama na wa kushoto, kila mmoja ana kona yake. Aliyepiga anarudi hatua moja upande wake na meza inabaki wazi kwa mwenzake. Hakuna kuzunguka, na nguvu ambayo wengine wanaimaliza kwa miguu, wao wanaiweka mkononi.

Pacha hao walishinda ubingwa wa dunia Vienna mwaka 1951 wakiwa na miaka 17. Walifika fainali tano mfululizo, 1951 hadi 1955, ambayo ni kazi kubwa kuliko hata dhahabu zenyewe. Mwaka 1952 mjini Bombay walishindwa na Wajapani Shizuki Narahara na Tomie Nishimura. Mwaka 1953 walishindwa na Farkas na Rozeanu. Mwaka 1954 mashindano yalirudi Wembley, na fainali ikaangukia siku waliyotimiza miaka 21. Walishinda mbele ya watu wao. Mwaka 1955 walipoteza fainali nyingine, Rosalind akaacha mashindano, Diane akaendelea peke yake kwa miaka mingi. Baadaye aliolewa na mchezaji wa Ujerumani Eberhard Schöler, akaja kuichezea Ujerumani Magharibi.

Waliowashinda mwaka 1955 walikuwa Rozeanu na Mromania mwenzake Ella Zeller, waliorudia ushindi huo Tokyo mwaka 1956. Angelica Rozeanu alikuwa Myahudi wa Bucharest. Wakati wa vita, chini ya utawala uliowafuata Wanazi, alizuiwa asiingie kwenye kumbi za michezo za nchi yake, na miaka ambayo mchezaji huwa na nguvu zake zote ikapita hivyo hivyo. Aliporudi mezani alishinda ubingwa wa mmoja mmoja miaka sita mfululizo, 1950 hadi 1955, na dhahabu tatu za wawili wawili. Mwaka 1960 alihamia Israeli. Kila ninapofikia jina lake hujiuliza orodha yake ingekuwaje kama asingefungiwa milango ile.

Baada ya 1957 mashindano yakawa ya kila baada ya miaka miwili, na kitovu cha mchezo kikaanza kuhamia mashariki. Japani ilishinda mwaka 1959 na 1963. Katikati yake, Beijing 1961, Waromania Maria Alexandru na Georgeta Pitică waliwashangaza wenyeji. Wenyeji hao walikuwa wakijiandaa.

Kocha wa wanawake wa China alikuwa Rong Guotuan, aliyeipa nchi yake ubingwa wake wa kwanza wa dunia mwaka 1959. Mwaka 1965 mjini Ljubljana alichukua uamuzi ambao ungeweza kumwangamiza. Katika mashindano ya timu alikuwa ametumia wachezaji washambuliaji hadi fainali. Siku ya fainali dhidi ya Japani aliwaweka pembeni, akawaingiza Lin Huiqing na Zheng Minzhi, ambao wote wawili walikuwa wa kujihami. Wajapani hawakuwa wamejiandaa kwa mchezo huo. China ikashinda. Siku chache baadaye Lin na Zheng wakatwaa pia dhahabu ya wawili wawili, ya kwanza kwa China.

Ni jozi ninayoipenda kuliko zote, na nasema hivyo nikijua kwamba mchezo wa kujihami huwachosha watazamaji wengi. Lin alizaliwa Indonesia katika familia ya Wachina wa ng'ambo, akarudi China akiwa kijana. Yeye na Zheng walisimama mbali na meza, wakaukata mpira kutoka chini ya kiuno ukarudi mzito, unaozama, ukimtaka mpinzani auinue tena na tena. Wawili wanaojihami pamoja wana ugumu wao. Mpinzani akivuta mmoja mbele kwa mpira mfupi, mwenzake lazima awe amekwisha kurudi nyuma kuungoja mpira mrefu unaofuata. Wao walikuwa kama chanda na pete. Mmoja alipoingia, mwingine alikwisha kutoka.

Halafu wakatoweka. Mapinduzi ya Utamaduni yalianza mwaka 1966, na China haikupeleka timu mwaka 1967 wala 1969. Wachezaji na makocha waliosifiwa jana walitukanwa hadharani kama wasaliti. Rong Guotuan alijiua mwaka 1968, akiwa hajatimiza miaka 31. Mataji mawili ya kipindi hicho yalikwenda kwa Wajapani Saeko Hirota na Sachiko Morisawa, kisha kwa Svetlana Grinberg na Zoja Rudnova wa Umoja wa Kisovyeti. China iliporudi Nagoya mwaka 1971, dunia iliyatazama zaidi mazungumzo kati ya Wachina na Wamarekani, yaliyoishia kwa timu ya Marekani kualikwa Beijing mwezi huohuo wa Aprili. Kwenye meza, Lin na Zheng walilichukua tena taji lao. Miaka 6 ya ujana wao ilikuwa imekatwa katikati. Lin aliondoka Nagoya pia na dhahabu ya mmoja mmoja na ya mchanganyiko.

Miaka iliyofuata ndiyo ya mwisho ya mlango wa jozi za nchi mbili kuwa wazi. Maria Alexandru, yule bingwa wa Beijing 1961, alirudi kileleni Sarajevo mwaka 1973 akiwa na Mjapani Miho Hamada, na Calcutta mwaka 1975 akiwa na Mjapani mwingine, Shoko Takahashi. Mwaka 1977 mjini Birmingham mabingwa walikuwa Pak Yong-ok wa Korea Kaskazini na Yang Ying wa China. Hii ya mwisho ilikuwa na sura tofauti na zile za Farkas. China ya miaka hiyo ilitangaza kauli ya urafiki kwanza na mashindano baadaye, na jozi ya Mchina na Mkorea ilikuwa pia ujumbe wa serikali kwa serikali. Hata hivyo pointi zilipiganiwa mezani kwa mikono yao wenyewe, na dhahabu ile ni yao.

Tangu Pyongyang 1979 mambo yakabadilika. China ilishinda mwaka huo na Zhang Li na Zhang Deying, ikashinda tena 1981, 1983 na 1985. Siri haikuwa vipaji peke yake. Wachezaji walikusanywa kutoka mikoani tangu utotoni, wakaishi pamoja mwaka mzima, wakafanya mazoezi ambayo kocha humimina mipira mingi mfululizo kutoka kwenye beseni, mmoja baada ya mwingine, mpaka miguu ya jozi ijue njia yake bila kufikiri. Walijifunza ishara za vidole chini ya meza, ambapo anayeanzisha humwonyesha mwenzake mpira atakaoupeleka. Ili kushindana na jozi ya namna hiyo haitoshi wachezaji wawili hodari wa nchi mbili wakutane wiki moja kabla ya mashindano. Wengine nao wakaanza kufunga jozi zao nyumbani, na mataji ya nchi mbili yakaisha.

Mara moja tu ukuta huo wa China ulitoboka. New Delhi mwaka 1987, Wakorea Kusini Hyun Jung-hwa na Yang Young-ja walishinda ubingwa, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa kwanza wa Olimpiki wa mchezo huu, mjini Seoul, kwao. Mashindano hayohayo ya New Delhi yalionyesha upande mwingine wa mfumo wa China: He Zhili aliagizwa amwachie mwenzake nusu fainali ya mmoja mmoja, akakataa, akawa bingwa, na mwaka 1988 akaachwa nje ya kikosi cha Olimpiki.

Kuanzia 1989 hadi 2025 yamefanyika mashindano 19 ya wawili wawili wanawake, na yote 19 yameshindwa na China. Sitayapitia moja moja. Nitasimama kwa Deng Yaping na Qiao Hong. Deng alikuwa na urefu wa sentimita 150 tu, na alipokuwa mtoto alikataliwa na timu ya mkoa kwa ufupi wake. Mwaka 1989 mjini Dortmund, akiwa na miaka 16, alishinda dunia pamoja na Qiao, aliyemzidi umri na ambaye mwaka huohuo alikuwa bingwa wa mmoja mmoja. Kisha Deng akamzidi. Fainali ya mmoja mmoja ya Olimpiki ya Barcelona 1992 ilikuwa kati yao wawili, Deng akashinda. Pamoja walichukua dhahabu za Olimpiki za wawili wawili za 1992 na 1996 na ubingwa mwingine wa dunia mwaka 1995. Hapa ndipo Mednyánszky na Sipos wanaponijia akilini: wapinzani wakubwa wa kizazi chao, na kila mmoja hana mwenza bora kuliko yule anayempinga. Deng aliongeza taji la Manchester 1997 akiwa na Yang Ying, ambaye si yule wa Birmingham ingawa jina ni lilelile.

Baada yao alikuja Wang Nan, mwenye mkono wa kushoto, akashinda mara tano mfululizo kutoka 1999 hadi 2007, mbili akiwa na Li Ju na tatu akiwa na Zhang Yining. Guo Yue, naye wa kushoto, alishinda tatu na Li Xiaoxia. Lile walilolijua pacha wa London mwaka 1951 likawa sasa hesabu ya makocha. Katika miaka hiyohiyo mpira uliongezwa kipenyo kutoka milimita 38 hadi 40, seti zikapunguzwa kutoka pointi 21 hadi 11, na ikakatazwa kuuficha mpira wakati wa kuanzisha. Mabadiliko yote hayo hayakuitikisa China.

Lakini mwaka 1991 kulikuwa na jambo ambalo lazima liingie katika masimulizi haya ingawa dhahabu yake ni ya timu. Huko Chiba, Japani, Korea Kaskazini na Korea Kusini zilicheza kama timu moja, chini ya bendera nyeupe yenye ramani ya rasi yao kwa rangi ya buluu. Hyun Jung-hwa wa kusini na Li Bun-hui wa kaskazini, waliokuwa wakikutana kama maadui, waliwekwa upande mmoja wa meza. Katika fainali walikutana na China ya Deng Yaping, iliyokuwa imeshinda ubingwa wa timu mara nane mfululizo. Korea ilishinda 3 kwa 2. Baada ya hapo kila mmoja alirudi kwao, na mpaka ule haumruhusu mtu hata kupeleka barua. Mwaka 2018 huko Halmstad, Uswidi, timu za wanawake za Korea mbili zilipangwa kukutana robo fainali. Hazikucheza. Ziliungana papo hapo na zikaondoka na shaba.

Kwenye Olimpiki, wawili wawili wanawake walidumu kutoka 1988 hadi 2004. Beijing 2008 mchezo huo uliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mashindano ya timu. Uamuzi huo uliuumiza kuliko ushindi wowote wa China, kwa sababu vyama vingi hupata fedha za serikali kwa kuhesabu nafasi za medali za Olimpiki. Kilichotoka Olimpiki kilitoka pia kwenye bajeti na kwenye ratiba ya mazoezi.

Pamoja na hayo, walioupenda hawakuuacha. Mwaka 2021 mjini Houston, Ni Xia Lian, aliyekuwa bingwa wa dunia na China mwaka 1983 na ambaye kwa miaka mingi ameichezea Luxembourg, alishinda shaba pamoja na Sarah De Nutte. Alikuwa na miaka 58. Mwaka 2023 mashindano yalirudi Afrika, Durban, miaka 84 baada ya Kairo. Huko Shin Yu-bin na Jeon Ji-hee wa Korea Kusini waliwatoa katika nusu fainali mabingwa watetezi, Sun Yingsha na Wang Manyu, bila kupoteza seti. Jeon, wa mkono wa kushoto, alizaliwa China. Walikuwa Wakorea wa kwanza kufika fainali hiyo tangu ile ya New Delhi, ingawa dhahabu ilikwenda kwa Chen Meng na Wang Yidi.

Na mwaka 2025 mjini Doha, mbele ya Wang Manyu na Kuai Man wa China, walisimama fainali Sofia Polcanova wa Austria na Bernadette Szőcs wa Romania. Polcanova, wa kushoto, alizaliwa Moldova. Szőcs ni Mromania wa jamii ya Wahungaria. Walikwisha kuwa mabingwa wa Ulaya pamoja mwaka 2022 mjini Munich. Hawakupata dhahabu ya Doha, lakini ile jozi ya bendera mbili iliyopotea ilikuwa imerudi kwenye meza ya fainali.

Mwezi Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kwamba wawili wawili wanawake watarejea Los Angeles mwaka 2028. Nimefurahi, kwa maana fedha na mazoezi vitarejea nao. Ila Olimpiki haiwaruhusu wachezaji wa nchi mbili kuungana. Polcanova atatafutiwa mwenzake Austria na Szőcs atatafutiwa wake Romania, na wakikutana Los Angeles watakuwa pande mbili za neti. Kwenye Mashindano ya Dunia bado wanaweza kujiandikisha pamoja. Vyama vitakavyoanza kufunga jozi za Olimpiki sasa vitashawishika kuwakataza wachezaji wao kufanya hivyo, ili wasipoteze muda wa mazoezi kwa mgeni. Shirikisho la Kimataifa lina uwezo wa kuilinda ruhusa hiyo, na linapaswa kuilinda.